Daftari la Kuchorea: Lifaalo ni Lipi?

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo kwa wengine huonekana dogo, lakini muhula huu limekwisha leta maneno baina ya watoto na wazazi wao. Jambo lenyewe ni daftari la kuchorea. Wanafunzi wengi wa shule yetu wameanza, kwa hiari yao wenyewe, desturi njema ya kuchora picha moja kila siku. Mimi ni mwalimu wao wa Baiolojia, na desturi hiyo naifurahia kwa moyo wote. Lakini limezuka swali: wachore katika daftari gani? Baadhi yao wameomba simu ya mlezi wa bweni wakapiga nyumbani kutaka fedha za kununulia madaftari makubwa, yenye majalada magumu na karatasi nene, kama yale wanayoyaona kwa wachoraji wa nchi za nje. Wazazi wawili watatu wamenijia kuniuliza kama hiyo ni amri ya shule. Nawajibu hapa mbele ya wote: si amri ya shule, na kwa maoni yangu wala si haja.

Yafaa kwanza tukumbuke fedha hizo zinaombwa wakati gani. Shule hufunguliwa mwezi wa Januari. Kila mwenyeji wa Songea anajua kwamba mwezi huo mahindi yaliyopandwa kwa mvua za Novemba na Desemba yamesimama shambani yakingoja mbolea ya kukuzia. Akiba ya ghalani imepungua, mahindi mapya hayajakomaa, na kila shilingi ina kazi yake. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 wazazi wa watoto wa kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali hawalipi ada. Lakini sare, viatu, sabuni na madaftari ya masomo bado ni juu yao. Mtoto anayeomba daftari la fahari mwezi huo, huenda anaomba mbolea ya kipande cha shamba pasipo kujua. Na shamba lisilopata mbolea kwa wakati wake halingoji mwenye nalo apate fedha mwezi wa Machi.

Lakini nisieleweke vibaya. Wapo watu wazima ambao, wakisikia maneno kama hayo niliyosema, hukata shauri mara moja: "Basi, waache kuchora!" Hao nao wamepotoka. Kuchora si mchezo wa kupotezea saa. Mwanafunzi anayechora jani la mhogo kila sehemu mahali pake hawezi kusahau limegawanyika mara ngapi, maana mkono wake umelihesabu. Katika mtihani wa Baiolojia mchoro hutakiwa uwe wa penseli, wenye mistari myembamba iliyo wazi, pasipo kupaka kivuli, na majina ya sehemu yaandikwe vizuri. Nimeona vijana wenye akili nyingi wakipoteza alama hapo, na sababu si kutojua. Mkono haukuzoezwa, basi. Hali kadhalika katika Jiografia. Na nje ya darasa, seremala huchora kiti kabla ya kupasua mbao, mwashi huchora nyumba kabla ya kuchimba msingi, na fundi cherehani huchora nguo kwa chaki kabla ya kutia mkasi. Mtu asiyejua kuchora kabisa hulazimika kukosea juu ya mbao yenyewe au kitambaa chenyewe, na kosa hilo lina bei.

Kwa hiyo sisemi tuache kuchora. Nasema tuchague daftari kwa akili. Na ili tuchague kwa akili, yatupasa kwanza tujiulize daftari la kila siku ni la kazi gani. Daftari hili halikusudiwi kuonyeshwa wageni siku ya wazazi. Ni uwanja wa mazoezi. Mchezaji wa mpira hafanyi mazoezi akiwa amevaa jezi ya fainali. Huvaa nguo ya zamani ili aweze kuanguka bila kuhesabu hasara. Na daftari la mazoezi liwe vivyo hivyo: liwe la namna ambayo mwenyewe haogopi kuliharibu. Hiyo ndiyo kanuni yangu ya kwanza, na nyingine zote zinaifuata.

Katika shule hii nimeona jambo moja zaidi ya mara moja. Mwanafunzi hupewa daftari zuri la bei kubwa. Siku ya kwanza huchora ua, kwa uangalifu mwingi. Siku ya pili huchora uso wa rafiki yake, nao haupendezi. Hufuta, huchora, hufuta tena, karatasi ikachubuka. Siku ya tatu hulifungua, hulitazama, kisha hulifunga. Tangu siku hiyo daftari hukaa chini ya nguo ndani ya sanduku, likingoja siku ambayo mwenyewe atakuwa stadi. Lakini atakuwaje stadi bila kuchora? Karatasi ile imekuwa bora kuliko mkono, na mkono umeona haya. Rafiki yake mwenye daftari la vivi hivi huchora kuku, ndoo, ufagio na kiatu, picha mbaya kwa picha mbaya, na muhula ukiisha amempita mbali.

Wachuuzi husema, "Rahisi ni ghali." Neno hilo ni la kweli katika viatu na miavuli. Katika daftari la mazoezi si kweli hata kidogo, madhali karatasi yenyewe inafaa. Basi sasa na tutazame namna zilizopo, moja moja.

Namna ya kwanza ni daftari la kawaida la mistari. Wema wake ni kwamba lapatikana kila duka, kuanzia Majengo hadi Lizaboni, na hata vijijini. Ubaya wake ni ile mistari. Macho huifuata, na mkono huifuata macho. Mlima unaochorwa juu ya mistari hupenda kulala. Tena karatasi yake aghalabu ni nyepesi, na kalamu ya wino huonekana upande wa pili. Hata hivyo, mwanafunzi asiye na jingine na achore katika hilo. Mistari haijamzuia mtu kujifunza.

Namna ya pili ni daftari kubwa la jalada gumu, lile la kaunta. Ni imara na hukaa miaka. Lakini ni zito, nalo pia lina mistari. Daftari zito huachwa bwenini, na daftari lililoachwa bwenini halichori kitu chochote kilicho nje.

Namna ya tatu ni karatasi moja moja zisizofungwa. Hizi ni rahisi kuliko zote, lakini hupeperuka, hukunjamana, hupotea, na mwisho wa mwezi mwenyewe hajui ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Faida kubwa ya kuchora kila siku ni kuweza kufungua nyuma na kuona ulikotoka. Karatasi zilizotawanyika hazina nyuma wala mbele.

Namna ya nne ni lile daftari la fahari. Karatasi yake ni nene na nyeupe, gramu 120 au zaidi kwa kila mita ya mraba. Ni chombo kizuri kwa mtu aliyekwisha jua anataka kufanya nini nacho. Mwanafunzi akitaka kutengeneza picha moja ya kutundika ukutani, na anunue karatasi moja kubwa ya namna hiyo. Hana haja ya kununua daftari zima.

Namna ya tano, na ndiyo ninayoipendelea, ni daftari la kushona mwenyewe. Watu wengi hucheka nikisema hivyo, lakini na tupige hesabu. Karatasi nyeupe ya kuchapishia, ile ya A4 ya gramu 80, huuzwa kwa rimu, na kila rimu ina karatasi 500. Chukua karatasi 8, uzikunje pamoja katikati. Umepata majani 16, yaani kurasa 32. Ukurasa mmoja andika jina lako na jina la mwezi. Zimebaki kurasa 31, moja kwa kila siku ya mwezi mrefu kuliko yote. Miezi 12 mara karatasi 8 ni karatasi 96. Kwa hiyo rimu moja inatosha wanafunzi watano kwa mwaka mzima, na karatasi 20 zinabaki. Wanafunzi watano wakichangia rimu moja, mchango wa kila mmoja ni mdogo mno hata haifai kumpigia mzazi simu kwa ajili yake.

Tena daftari hilo ni la kipimo kizuri. A4 ina milimita 210 kwa 297. Ikikunjwa huwa 148 kwa 210, ukubwa unaoenea mkononi na ndani ya mfuko wa koti. Karatasi moja ina uzito wa gramu 5, kwa hiyo daftari zima, ukiacha jalada, lina gramu 40 tu. Kijana aendaye kuchota maji au kutembelea jamaa yake Ruhuwiko siku ya ruhusa hatalihisi.

Kushona kwenyewe si kazi ya fundi. Kunja karatasi zote pamoja, ubonyeze kunjo kwa mgongo wa kijiko. Kwa jalada tumia karatasi ya kahawia ya mfuko wa saruji, iliyopanguswa vumbi vizuri, au boksi jembamba. Kwa ncha ya bikari toboa matundu matatu katika kunjo: moja katikati, na mengine mawili yawe kiasi cha sentimita 4 kutoka kila mwisho. Chukua uzi imara wa sentimita 60. Ingiza sindano tundu la katikati kutoka ndani kwenda nje. Rudi ndani kwa tundu la juu. Pita ndani moja kwa moja hadi tundu la chini na kutoka nje. Kisha rudi ndani kwa tundu la katikati. Ncha mbili za uzi sasa zimekutana ndani. Zifunge pamoja juu ya ule uzi mrefu, na daftari limekwisha. Dakika kumi zatosha. Daftari la namna hii hulala wazi mezani bila kushikiliwa, jambo ambalo madaftari mengi ya gundi hayawezi.

Kabla ya kununua karatasi yoyote, ijaribu. Chora mstari wa penseli katika pembe, uufute kwa raba mara tatu. Kama karatasi imetoa manyoya, iache. Chora mstari wa kalamu, ugeuze upande wa pili. Kama umepenya kabisa, iache. Na karatasi ya namna ya magazeti isitumike kwa picha unazotaka kuzitunza, kwa sababu ndani yake imebaki ile sehemu ya mti ambayo hugeuka rangi ya manjano ikipigwa na jua. Kwa penseli, HB moja na 2B moja zatosha. Herufi H maana yake ni ugumu, na B ni weusi. Kadiri namba ya B inavyozidi ndivyo penseli inavyokuwa laini na nyeusi zaidi, na ndivyo inavyokwisha upesi.

Yamkini msomaji atauliza: je, mchoraji wa kweli anaweza kutoka katika vitu duni namna hii? Namjibu kwa mfano wa mtu wa mkoa wetu wenyewe. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa katika wilaya ya Tunduru, hapa hapa Ruvuma, katika miaka ya 1930. Alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako katika miaka ya 1960 alianza kuchora. Hakungoja turubai wala rangi za wachoraji wa Ulaya. Alichora juu ya vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa kujengea, kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ya namna ile ipakwayo baiskeli. Alifariki mwaka 1972, baada ya kuchora kwa miaka michache tu. Leo jina lake limekuwa jina la namna nzima ya uchoraji, na picha za wafuasi wake hununuliwa na watu wa nchi nyingi. Watu huzipenda kwa yale wanyama na ndege waliochorwa, na kwa jinsi rangi zinavyowaka. Hakuna anayeuliza ubao ulinunuliwa kwa bei gani.

Na kwa wale wanaopenda mifano ya mbali, Leonardo da Vinci wa Italia, aliyefariki mwaka 1519, aliwashauri wachoraji watembee na kijitabu kidogo na kuandika humo namna watu wanavyosimama, wanavyogombana na wanavyocheka. Alitaka karatasi yake iwe ya namna isiyoruhusu kufuta. Kikijaa kiwekwe, na kingine kianzwe. Nami naliunga mkono shauri hilo. Katika daftari la kila siku raba isitumike. Mstari uliokosewa na uachwe, na mwingine uchorwe kando yake, ili kesho uone ulikosea wapi.

Sasa, wachore nini? Wengi huiga picha za magari na wachezaji. Si vibaya, lakini kuiga picha ya mtu mwingine ni kutazama kwa macho ya mtu mwingine. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923 akasoma Makerere na baadaye London, alipata kuwa balozi wa Tanganyika huko Uingereza. Lakini picha zake zilikuwa za watu wa kwao, za vijiji na kazi za shambani. Nasi tunavyo vyetu. Tunayo milima ya Matogoro, ambako chanzo cha mto Ruvuma kipo. Wanafunzi watokao Mbinga wanazo ngoro za Wamatengo: yale mashimo yaliyopangwa mistari kwa mistari katika miteremko mikali, ambayo huzuia maji ya mvua yasichukue udongo. Kijana akichora ngoro moja vizuri, aonyeshe nyasi zilizofukiwa na kingo zake nne, ameelewa somo la mmomonyoko wa ardhi kuliko aliyekariri ukurasa mzima.

Tena vipo vitu ambavyo vinaondoka mbele ya macho yetu. Kihenge cha nafaka kinabomoka, na mahali pake huwekwa mifuko ndani ya chumba. Kinu cha zamani hupasuka, kikawa kuni. Bibi anayejua kufinyanga chungu anazeeka. Katika Makumbusho ya Majimaji hapa Songea tunatazama vitu vya wazee wetu kwa sababu mtu fulani alivihifadhi. Je, vya nyumbani kwenu nani atavihifadhi? Likizo ya Juni, kaa karibu na bibi yako, chora kihenge chake, uandike kando majina ya sehemu zake katika lugha ya kwenu na tarehe ya siku hiyo. Ukurasa huo hauwezi kununuliwa duka lolote.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Tusitie alama katika madaftari haya. Tukianza kusahihisha kwa kalamu nyekundu, watoto watachora yale tunayoyapenda na kuficha yale wanayoyashindwa, na daftari litakuwa la maonyesho kama lile la fahari. Tutazame jambo moja tu: je, ukurasa wa leo umejazwa? Dakika kumi na tano kabla ya prepo zatosha, wala hazidhuru somo lolote.

Kwa wazazi nasema hivi. Mtoto akikuomba daftari la bei kubwa, usimkemee kana kwamba ameomba ulevi. Mwambie: "Mwanangu, nionyeshe kwanza madaftari matatu uliyoyashona na kuyajaza." Akiyaleta, kurasa zote zikiwa zimechorwa, basi mambo ni mengine. Hapo, baada ya mavuno, ukiwa na nafasi, mnunulie. Atakuwa amekwisha jua karatasi nene ni ya kazi gani, na hataiogopa.

Nanyi wanafunzi, msione haya kwa jalada la mfuko wa saruji. Shauri langu ni kwamba kila kundi la watu watano linunue rimu moja, mtu alete uzi, mwingine sindano, na Jumamosi moja baada ya usafi tukutane katika maabara tushone madaftari ya miezi yote iliyobaki. Karatasi zile 20 za ziada za kila kundi tutamwekea mwenzetu ambaye hakuweza kuchanga. Makundi matano yakitoa zao, mmoja amepata mwaka mzima na karatasi nne juu.

Wahenga walisema, bandu bandu humaliza gogo. Ukurasa mmoja kwa siku, penseli ikiwa fupi au ndefu, ni picha zaidi ya mia tatu kwa mwaka. Nitafurahi kusoma katika toleo lijalo maoni ya yeyote asiyekubaliana nami, lakini namwomba kwanza ashone daftari moja na kulijaza.